Darasa la kujisemesha vizuri, wiki sita kwa laki moja na themanini: nilichopata na nilichopoteza

Kujisemesha hapa ni yale unayojiambia mwenyewe kimoyomoyo. Nianze na hela manake najua ndio kitu cha kwanza mtu anatafuta. Laki moja na elfu 80 za Uganda kwa Jumamosi sita, saa nne asubuhi hadi saa saba (wakisema saa saba we hesabu saa nane), chai na chapati moja ndani yake, daftari unanunua pembeni elfu 25. Jina la mahali sisemi, sitaki kupigiwa simu usiku, ila ni hapa Kampala upande wa Ntinda, ghorofa ya pili, chini kuna duka la magodoro. Anayepajua atapajua.

Sasa mtu kama mimi nilifikaje huko. Mimi ni wakala wa mobail mani, kutuma na kutoa hela kwa simu, Kireka, huu mwaka wa saba, kibanda changu ni kile cha bati kilichobanwa katikati ya muuza rolex (ile chapati ya kuviringisha na mayai, si saa) na fundi viatu. Nimekulia Busia mpakani, mama alikuwa anauza samaki sokoni, na pale Busia Kiswahili ndio lugha ya kuuzia na kugombania upande huu na upande ule, kwa hiyo hata nikiwa Kampala miaka yote hii hesabu zangu bado napiga kwa Kiswahili. Watu wa steji ya boda wananiita Mama Floti, floti ni ile hela ya kwenye simu wakala anayofanyia kazi.

Basi mwezi wa pili, Jumanne jioni, foleni imefika hadi kwa fundi viatu, mteja ananitajia namba ya kutuma laki tatu na themanini, mi naandika huku namjibu mwingine, kidole kikageuza namba mbili za mwisho. Nikabonyeza. Ile hela ikaenda kwa mtu simjui na hanijui. Nikapiga simu huduma kwa wateja nikasikilizishwa muziki dakika ishirini nzima, walipokuja kushika ile laini laki mbili na nusu zilikuwa zishatolewa, ikarudi laki moja na thelathini tu. Mteja wangu nikamlipa kutoka mfukoni. Lakini si hiyo hela iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni yale niliyojiambia wiki mbili zilizofuata, usiku nimelala naangalia bati: we mjinga, we mjinga tangu zamani, ndio maana ulifeli, ndio maana yule mwanamume aliondoka, mtu mwenye akili hawezi kukosea namba kumi. Namba mbili zimegeuka, mimi nishafika hadi kwenye ndoa!

Dada mmoja mteja wangu akaniona nimekonda akanipa karatasi ya lile darasa. Nikasema acha nijaribu, nimeshatupa laki mbili na nusu kwa mgeni, laki moja na themanini kwa ajili yangu itaniua?

Darasani tulikuwa kumi na tisa, wengi vijana wa maofisi, na mafunzo ni Kiingereza na Kiluganda. Sisi wa Kiswahili tulijikuta wanne kona moja karibu na dirisha: mimi, mama mmoja Mkongomani anayesuka nywele, dereva mmoja wa trela za Mombasa aliyekuja mara mbili akapotea na safari, na mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye binti yake alimlipia kama zawadi na yeye alikuja kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Mwezeshaji ni mwanadada mchangamfu, anajua kuongea, sauti nzuri, na hakutuona washamba, hilo nampa. Kila kikundi alikiacha kifanye mazoezi kwa lugha yake.

Wiki ya kwanza kazi ni moja, uandike kila unachojiambia siku nzima bila kusahihisha. Nikaandika nyuma ya kitabu changu cha risiti. Hadi nafunga saa mbili usiku neno mjinga lilikuwa limetokea mara kumi na saba, na siku ile sikuwa nimekosea kitu! Mara moja nilijiita mjinga kwa sababu kalamu imeanguka. Halafu nikaona jambo ambalo hata mwezeshaji hakulitaja: matusi yangu yote yanakuja kwa Kisamia, lugha ya nyumbani kwetu. Hesabu kwa Kiswahili, salamu kwa Kiluganda, lakini nikijitukana ni Kisamia tupu, na ni sauti ya mama kabisa, hadi ule mvuto wa mwisho wa neno akiwa ameshika kisu cha samaki. Mama marehemu hakuwa mtu mbaya jamani, alikuwa amechoka. Nikamweleza mzee, akanyamaza, akasema yake yeye yanakuja kwa Kiswahili cha kambini, kuna sajenti mmoja wa zamani bado anamfokea kila akisahau miwani. Mzee ana miaka sabini na kitu, huyo sajenti nadhani hata hai hayuko.

Hiyo wiki ya kwanza peke yake nikikuuzia elfu hamsini nunua.

Wiki ya pili nusura nidai hela yangu. Ilikuwa ni ya kioo. Unasimama mbele ya kioo unasema sentensi kumi, nyingi za Kiingereza, za mimi ni bingwa, mimi ni sumaku ya pesa, na ile moja maarufu ambayo ukiigeuza Kiswahili inakuwa "mimi natosha". Mzee akauliza kwa sauti, natosha nini, suti? Kona yetu tukacheka hadi tukatolewa nje tupunge upepo. Lakini nyumbani nilijaribu kwa moyo mmoja, nasema mimi ni sumaku ya pesa, na kwenye simu floti iliyobaki ni elfu ishirini na tatu, na huko ndani kuna mtu anajibu pale pale: we? sumaku? ya laki mbili na nusu zilizokwenda? Nililala vibaya kuliko kabla sijaanza. Nikadhani ni mimi tu mwenye moyo mgumu, kumbe nikaja kugugo nikakuta kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake, walichapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaojiona duni wakiambiwa warudie sentensi ya aina ya "mimi ni mtu wa kupendeka" wanatoka wanajisikia vibaya zaidi, na wanaofaidika ni wale ambao tayari walikuwa wanajikubali, na hata wao kidogo tu. Yaani dawa inamfaa asiyeumwa! Sasa watu wanaokuja kulipa laki moja na themanini wajifunze kujisemesha vizuri, wewe unadhani ni wale wanaojikubali?

Nilimuuliza mwezeshaji Jumamosi iliyofuata, kwa heshima tu, nikiwa nimeshika simu. Akasema imani yangu ni ndogo. Hapo nilikata nusu nyota.

Wiki ya tatu ndio iliyonirudisha, na kama darasa zima lingekuwa hiyo tu ningewapa tano. Alisema usijisemeshe kwa "mimi", jiite jina lako kama unamwita mtu mwingine, halafu umwambie vile ungemwambia mwenzako aliyekuja kwako analia. Hii alisema imetoka kwa Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, utafiti wa 2014: watu walipewa muda mfupi wajiandae kuhutubia mbele za watu, waliojizungumzia kwa jina lao au kwa "wewe" waliongea vizuri zaidi na wakatoka na aibu kidogo kuliko waliosema "mimi, mimi". Mama Mkongomani akasema hiyo mbona bibi yake alikuwa anafanya jikoni, anajiita jina anajiuliza chumvi umeweka au hujaweka. Kweli kabisa. Sisi wote tumekua na wazee wanajiita majina yao wakiwa peke yao na tulikuwa tunawacheka.

Nikajaribu. Nekesa. Kwanza niliona haya, jina langu hakuna mtu anayeliita siku hizi, wote ni Mama Floti. Nekesa, umekosea namba mbili. Mwenzako wa pale steji angekosea namba mbili ungemwambia aliachwa na mume kwa sababu ya hiyo? Nikacheka peke yangu kwenye kibanda, muuza rolex akachungulia.

Wakachanganya hiyo na lile daftari la elfu 25, ambalo kusema ukweli ni daftari la elfu tatu lenye gamba zuri, kurasa zimechorwa safu tatu: kilichotokea, nilichojiambia, ushahidi. Nunua daftari la shule uchore na rula, hela yako ikae. Ila kazi yenyewe ni ya maana, inatokana na Aaron Beck, yule daktari wa akili wa Philadelphia aliyeanzisha tiba ya fikra miaka ya 1960, na mimi niliielewa haraka kuliko hao vijana wa ofisi kwa sababu ndio kazi yangu ya kila jioni. Wakala akifunga, kashi iliyo kwenye droo ukijumlisha na floti iliyo kwenye simu lazima ifikie mtaji, isipofikia hulii kwanza, unatafuta muamala. Basi nikaanza kuifanyia ile sauti hivyo hivyo. Imekuja inasema Nekesa hafai. Sawa, risiti iko wapi? Nikapiga hesabu: miamala kama tisini kwa siku, siku ishirini na sita kwa mwezi, kwa mwaka inapita elfu 28. Makosa ya mwaka mzima matatu. Nikaandika kwenye safu ya ushahidi 28,080 na 3, nikaiangalia muda mrefu. Sikuhitaji kuwa sumaku ya kitu chochote pale.

Hii ndio tofauti ambayo darasa halikuisema wazi na nadhani Kiswahili chenyewe kinaijua: kuna kujipa moyo na kuna kujidanganya. Kioo kilikuwa kinanifundisha kujidanganya. Jina na risiti ni kujipa moyo.

Sasa lalamiko langu kubwa, na hapa sitanii. Wiki ya nne kulikuwa na mama mmoja, si wa kona yetu, kijana tu, alikuwa amepungua kila Jumamosi tunamwona, hali chakula, hapati usingizi, akasema mbele ya wote kwamba akiamka anatamani asingeamka. Jibu alilopewa ni aongeze sentensi za asubuhi kutoka kumi hadi ishirini. Nilisikia baridi mgongoni. Mzee, yule yule wa suti, hakusema neno, wakati wa chai akaenda akakaa karibu naye akamwambia mwanangu, mimi nimezika vijana waliokuwa wanaongea hivi, twende. Tukatoka watatu, tukapanda boda mbili hadi kituo cha afya, na wao wakampa barua ya kwenda Butabika. Najua hapa Kampala ukitaja Butabika watu wanacheka, ni tusi la mtaani, lakini ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili na huko alipewa dawa na mtu wa kuongea naye kila wiki. Anaendelea vizuri sasa. Yeyote anayeuza darasa la maneno mazuri na hajui wapi maneno yanaishia, hilo ni kosa la usalama, na kwa hilo nimemkata nyota nzima. Ningekata mbili, nilizuiwa na ile wiki ya tatu.

Na kinachouma zaidi ni kwamba sisi Waganda na wakazi wa hapa hatukuwa na haja ya kungoja mtu atuletee kutoka nje. Huko Masaka na Rakai watafiti walipowauliza wanakijiji huzuni nzito inaitwaje, watu wakasema kuna yo'kwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia mwenyewe na kujihurumia mwenyewe. Angalia jina la ugonjwa wenyewe, mtu amegeuka adui wa nafsi yake! Kisha wakaunda vikundi, wiki kumi na sita, kila wiki saa moja na nusu, vinaongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa wiki mbili tu, vijiji 30 vilihusika, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwa navyo. Wiki kumi na sita, si sita. Na hakuna kioo pale, ni watu wamekaa kwenye mduara wanaulizana nani kafa, nani mmegombana, nini kimebadilika nyumbani. Mpaka leo kuna StrongMinds, shirika lililoanzia kazi zake hapa hapa Uganda, linaendesha vikundi vya namna hiyo kwa wenye sonona bila malipo. Kwa hiyo kama hali yako ni ile ya yule mama usilipe laki moja na themanini. Kama hali yako ni kama yangu, unakula, unalala nusu, unafanya kazi ila mdomo wako wa ndani ni mchafu, endelea kusoma.

Wiki ya tano sikwenda, mvua, na sikujuta. Nasikia walipiga picha.

Wiki ya sita ni kufunga, vyeti (kweli, cheti cha kujisemesha, nimekibandika kibandani wateja wanadhani ni leseni) na hotuba kwamba tabia mpya inajengeka kwa siku ishirini na moja kwa hiyo sisi wa siku arobaini na mbili tumeiva mara mbili. Hapana. Kuna utafiti wa Phillippa Lally wa chuo kikuu cha UCL, London, watu 96 waliochagua jambo dogo la kila siku, kama kula tunda au kunywa maji, wastani ulikuwa siku 66 ndipo jambo likaanza kwenda lenyewe, mwepesi siku 18, na kwa wazito hesabu ilifika siku 254. Kwa hiyo darasa la siku 42 linakuacha njiani, Nakawa, bado Kampala hapa hapa, na ulikuwa unaenda Jinja. Ndio maana waliahidi grupu la WhatsApp la kutushikilia baada ya hapo. Hilo grupu wiki ya kwanza lilikuwa zuri, wiki ya pili mtu akaleta dawa ya mitishamba ya tumbo, wiki ya tatu viwanja Mukono, sasa hivi nimelinyamazisha. Tulichofanya sisi wa kona ya dirisha ni kuunda letu la watatu. Kila usiku kila mtu anatuma sentensi moja, ameanza na jina lake. Mzee anatuma saa moja kamili kama ripoti ya zamu: "Afande, leo umesahau miwani mara mbili, umeipata mara mbili."

Mnauliza imefanya kazi? Leo ni siku ya 97, nimehesabu. Tusi bado linafika kwanza, lile linapanda boda. Neno la Nekesa linakuja na taksi, linangoja gari lijae, lakini siku hizi linafika. Mwezi uliopita nimefunga jioni nikakuta upungufu wa elfu sitini. Zamani hapo ningeshaanza na ndoa. Nikasema Nekesa, kaa. Kunywa maji. Miamala ya leo ni themanini na nne, anza ya mwisho rudi nyuma. Kwenye ya sabini na moja nikaona, kijana wa boda wa steji alitoa elfu sitini, mimi nikamhesabia laki moja na ishirini kwa sababu nilikuwa naongea na mtu wa rolex. Nikampigia. Akasema alishaziona, alikuwa anangoja nipige simu ajue kama nimegundua. Akaleta elfu hamsini na tano, tano akasema ni mafuta. Sikubishana. Usiku huo nililala saa tatu na nusu.

Nyota tatu na nusu basi. Nusu imeenda kwa ajili ya kioo na moja kwa ajili ya yule mama. Bei punguza, wanapunguza, yule msusi alilipa laki moja na ishirini kwa kununa tu mlangoni. Daftari lao acha. Nenda na lugha yako na kama unaweza nenda na mtu wa lugha yako, manake kujipa moyo kwa lugha ya kukopa ni kazi. Wiki ya pili njoo umechelewa.

Juzi wamenitumia meseji, wameanzisha daraja la pili, laki mbili na nusu, kwa sisi waliofuzu kuna punguzo la asilimia kumi likiisha Ijumaa. Ile namba laki mbili na nusu ikanigonga, ndiyo hiyo hiyo iliyokwenda kwa mgeni mwezi wa pili. Nikaweka simu chini nikasema Nekesa, hiyo ni floti.